Sikubaki Nyumbani kwa Ajili Yako

Feza,

Salamu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo, kama utakuwa umeanza tena kunisemesha. Mama yako amekwisha kukupa habari za sabuni, za chandarua, na za wasichana wa bwenini wanaoazima nguo wakasahau kurudisha. Mimi hayo sina. Mimi nimekasirika, na ninaandika sasa hivi ukiwa Ruashi unawaaga shangazi zako, kwa sababu ukikaa mbele yangu na ule uso wa jana nitasema maneno ambayo baadaye nitakosa pa kuyaficha.

Tuanze na hiyo jana. Mjomba wako Amisi alikuja na kamionete ya kampuni ya shaba, gari lile litakalokupeleka kesho, akala bukari yetu na samaki wetu, akanawa mikono, kisha akakugeukia mbele ya watu wote akakupa zawadi yake ya safari.

"Feza, baba yako balimupatiaka kazi ku kampuni. Mi mwenyewe njo nilimusemea kwa kapita, mukubwa wa kazi. Nyumba ya kampuni iko na kura, taa ya kubonyeza ku ukuta, poso ya bunga kila mwezi, lopitalo, masomo ya batoto, yote. Siku ya kuanza, Mama Kapinga alikuya hapa ku mulango, akanyoosha mikono, akamwambia: lete mutoto, we enda ku kazi. Baba yako akakatala. Akaikala chini, akafungula kitabu."

Watu walicheka. Wewe hukucheka. Uliinuka, ukafungua sanduku lako, ukatoa kitabu nilichokuwa nimekiweka katikati ya blauzi zako, ukakileta mezani ukakilaza kwenye sahani yangu, juu ya miiba ya samaki.

"Papa," ulisema, "miye siku yote nawazaka ulibakia hapa juu yangu. Kumbe ilikuwa juu ya bitabu."

Mama yako akageuka akatazama dirishani.

Basi nisikilize. Yote aliyosema Amisi ni kweli. Mlango ulikuwa huu huu, mikono ya Mama Kapinga ilikuwa imenyooka, na mimi nilikataa. Sitakanusha hata neno moja ili upate usingizi. Kinachonikera ni kwamba Amisi anajua nilichofanya na hajui kilikuwa kitu gani, na wewe unakwenda Kolwezi kusomea uuguzi ukiwa umebeba maneno yake peke yake.

Babu yako, Mungu amrehemu, alitoka Kasongo akiwa kijana akafungua kibanda cha karanga na chumvi katika soko la mtaa wetu huu wa Kenya. Karanga zilifungwa kwa magazeti ya zamani, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuyakunja magazeti yale yawe pembe. Nilikuwa nasoma kila ukurasa kabla ya kuukunja, wateja wakisubiri. Hadithi zilikuwa vipande vipande: mtu anaingia chumbani na bastola, halafu ukurasa umekwisha, na ule unaofuata umekwisha kuondoka na karanga za mtu mwingine. Mimi sikujali. Babu yako alijali. Kila mteja aliyechoka kusubiri akaenda zake alinigharimu kofi, na nadhani ndipo nilipoanza kuamini kwamba kusoma ni kitu cha kuiba.

Nilipokuwa mtu mzima nikapata kazi mjini, kwenye karakana ya Mgiriki mmoja aliyejalidi vitabu. Watu wanafikiri fundi wa kujalidi vitabu anavisoma. Wanakosea. Tulishona mafungu ya karatasi, tukapaka gundi, tukakaza kwenye kibanio, tukakata kingo. Msimamizi wetu alikuwa mzee Kalala, Mkasai, mtu wa tai na miwani, na alikuwa na sheria moja tu. "Mikono ku kitabu, macho hapana. Ukisoma, utashona mubaya." Alikuwa na haki. Kijana mmoja alinogewa na riwaya ya mke wa jaji, akashona fungu zima kichwa chini, na jaji alikuja mwenyewe kuturudishia. Yule kijana hakumaliza wiki. Kwa hiyo nikajizoeza kuona ukurasa bila kuona maneno. Naona pambizo limenyooka, naona wino haukupakaza, basi, pita. Miaka yote ile vitabu vilipita mikononi mwangu na sikujua hata kimoja kinasema nini.

Halafu ukaja mwaka ule serikali ilipochukua maduka ya wageni ikawagawia wakubwa. Mgiriki alipanda ndege na mfuko mmoja. Karakana akapewa mtu wa Chama, abakosti mpya mwilini, lile koti lao lisilo na tai, akatuita Citoyens, yaani wananchi, akatupigisha makofi, kisha akauliza kibanio kile kinaweza kuuzwa bei gani. Kabla mvua hazijaisha, kila kitu chenye chuma kilikuwa kimeuzwa. Siku ya mwisho mzee Kalala alituambia tuchukue vilivyobaki, ndiyo malipo yetu. Wenzangu waliwahi ngozi za majalada wakaenda kushona viatu. Mimi nilichelewa, nikapata sanduku la vitabu ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbilia Ulaya. Nililibeba kichwani hadi Kenya nikipanga kuwauzia wauza karanga.

Wewe ulizaliwa katika majuma yale. Mama yako alikuwa mkunga, na mshahara wake ndio ulikuwa umebaki, kwa hiyo alirudi kazini kabla hajaweza hata kutembea vizuri. Nikabaki mimi na wewe.

Ulikuwa mtoto mgumu, Feza. Nakupenda, lakini ulikuwa mgumu. Hukukubali kulazwa kitandani wala mkekani. Ulilala mahali pamoja tu, kifuani kwangu, nikiwa nimeketi wima, mkono wangu mmoja chini ya makalio yako. Nikijaribu kukutua, ulipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Nikabaki na mkono mmoja. Mkono mmoja haupondi majani ya sombe, haufui nepi, haukati kuni. Asubuhi moja, kwa uchovu tu, niliunyoosha nikachukua kitabu cha juu katika lile sanduku.

Mwanzoni macho yalifanya kazi yaliyofundishwa. Yalikagua uzi. Yalipima pambizo. Yalipita juu ya maneno kama yalivyozoea, na ilinibidi niyarudishe nyuma kwa nguvu, mstari kwa mstari, niyaambie hapa, soma hapa. Ilikuwa hadithi ya mjane mwenye nyumba ya wageni kando ya mto, na wanaume wawili wanaomtaka, mmoja mwongo na mmoja bahili. Sijui ni lini macho yaliacha kukagua. Najua tu kwamba niliposhtuka, maji ya uji yalikuwa yamekauka sufuriani, shati langu lilikuwa limelowa mkojo wako, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba sina kazi.

Nilifurahi. Nataka ulisome neno hilo kama nilivyoliandika. Mtaa mzima ulikuwa unanihurumia, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata nikiwa na mshahara.

Huruma yao haikudumu, ikageuka kuwa kitu kingine. Adhuhuri ilinibidi nikupeleke hospitalini unyonye, mama yako akitoka getini kwa dakika chache. Nilikufunga mgongoni kwa kitenge chake, kwa sababu kwa umbali ule mikono ingekufa ganzi. Mwanamume mzima, kitenge, mtoto, barabara nzima ya Kenya. Ulikuwa wakati ule ambapo kila mwanamume lazima aitwe Citoyen. Mafundi wa baiskeli pale kwenye kona walinisubiri kila siku waniite kwa jina la kike. "Citoyenne, maziwa ilitoka?" Mwingine akiitika kwa jina la mama yako: "Mupishe, muke ya Zaina anapita." Wanawake waliocheka niliwachukia zaidi, maana wao walijua uzito wa mtoto mgongoni. Niliwachukia wote na bado ninawachukia, pamoja na wale waliokwisha kuzikwa. Nilichojiambia ni kwamba nikifika nyumbani nina mjane wangu ananisubiri, na wao wana minyororo ya baiskeli.

Sasa Amisi. Nitampa haki yake. Alihangaika kwa ajili ya dada yake, siyo kwa ajili yangu. Mimi hajanipenda tangu siku ya posa. Alimfuata yule kapita mpaka akakubali kuniingiza kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Jumatatu, honi ikilia, niwe getini. Mama yako alikuwa zamu ya usiku na alitakiwa kurudi mapema akupokee. Hakurudi. Kulikuwa na mzazi ambaye mtoto alikuwa amemkalia vibaya tumboni, hakuweza kumwacha. Nilikuwa nimevaa shati safi, nimekupakata, ninatazama njia. Ndipo Mama Kapinga, jirani yetu, akatoka kwake akiwa bado na usingizi usoni, akaja mlangoni.

"Lete mutoto, baba Feza. Enda. Honi iko karibu."

Akanyoosha mikono. Alikuwa amelea wengi, wake na wa watu. Ungelala kifuani kwake bila shida, kifua kilikuwa kikubwa kuliko changu. Hukuwa na homa. Hukuwa unalia. Nimeitafuta sababu nyingine tangu siku ile na haipo. Nilitazama mikono yake na nikawaza kwamba nikiingia lile geti nitarudi kuwa yule mtu anayetazama kitu siku nzima bila kukiona. Mjane alikuwa amekwisha kumfumania yule mwongo na funguo zake. Nilitaka kujua atafanya nini.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Nabakia na mutoto."

Honi ililia. Unaijua ile honi, inasikika mpaka huku. Mama Kapinga aliteremsha mikono, akanitazama kidogo, akarudi kwake.

Mama yako alifika jua likiwa juu. Aliniona, akaona shati safi, akaelewa. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye tofali pale uani akiwa na sare yake, damu ya mtu mwingine kwenye mkono wa sare, akasema taratibu, "Nilishaambia bantu ku lopitalo tunahama." Kisha akalia. Ile ndiyo sauti ninayoisikia Amisi anapocheka, na ndiyo maana nashindwa kumvunja meno.

Baada ya hapo hakunisemesha kwa majuma. Alipitishia maneno kwako. "Feza, ambia baba yako chumvi iliisha." "Feza, ambia baba yako afunge mulango." Nawe unacheka, hujui lolote, unampiga usoni kwa kofi lako dogo. Nami nilijibu kwa njia hiyo hiyo: "Feza, ambia mama yako nimeelewa." Hivyo ndivyo tulivyokaa ndani ya chumba kimoja.

Kisha niliunguza maharagwe. Siyo kidogo, niliyafanya makaa. Alisikia harufu akiwa bado barabarani. Aliingia, akanikuta nimeketi, wewe kifuani, kitabu mkononi, moshi umejaa mpaka darini. Alikichukua kile kitabu akakishika juu ya makaa ya mbabula, na mimi sikuweza hata kuinuka kwa sababu ungeamka.

"Hii njo iliniunguzia maarage?"

"Njo hii," nilisema.

Aliendelea kukishika pale, pembe ya jalada ikaanza kujikunja. Kisha akanitupia mapajani. "Basi soma. Soma kwa sauti. Niko na njaa, nataka nijue ni nini iliyokula maarage yangu."

Nilisoma. Kifaransa changu kilikuwa cha shule, kwa hiyo nilikuwa nasoma kidogo, nageuza kwa Kiswahili, nasoma kidogo. Alivua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nilisoma mpaka mahali ambapo msichana wa jikoni wa yule mjane anajifungua, anapiga ukelele mmoja, mtoto anatoka, wanampa msichana divai, kwisha.

"Huyu mwenye kuandika," alisema mama yako, "hayaona hata siku moja mwanamuke anazala."

Siku hiyo ndiyo ya kwanza kunisemesha mimi mwenyewe tangu ile Jumatatu. Hakunisamehe. Usije ukafikiri ninakusimulia msamaha. Kesho yake aliniuliza tu, akiwa amenipa mgongo anakunja nguo, kama yule mtoto wa msichana wa jikoni alipona. Mpaka leo nyumba ya kampuni iko kati yetu, na mpaka leo akirudi amechoka ananiuliza mahali tulipofika.

Ulipoanza kutembea nilipata mikono yangu yote miwili. Nikaanza kushona misahafu ya watu na vitabu vya shule pale mezani, na tukala. Hatukula kama wanavyokula kwa Amisi. Ulifanya masomo yako kwa taa ya mafuta wakati binamu zako wanabonyeza ukutani tu. Uliwahi kuniuliza kwa nini. Hapo ndipo tunafika kwenye kitu nilichokosea, na sicho kile alichokitaja mjomba wako.

Kusoma sijutii. Hata ile Jumatatu, nikirudishwa pale mlangoni leo, sijui kama ningempa Mama Kapinga. Nilichokosea ni lile neno nililomjibu. Nabakia na mtoto. Lilinitoka haraka, na nikaona linafanya kazi vizuri, basi nikalishika. Amisi aliponiuliza, nikakunyooshea wewe kidole. Mama yako, wewe. Mafundi wa baiskeli, wewe. Hakuna aliyeweza kunijibu, maana nani atamgombeza mtu kwa kumpenda mtoto wake? Na ulipoanza kusikia, nikaanza kulitumia hata dhidi yako mwenyewe. Ukileta alama mbaya: "Niliacha nyumba ya kampuni juu yako, na wewe unaniletea hii?" Ukichelewa kisimani, ukivunja sahani, ukijibu vibaya, nyumba ya kampuni. Nilikujengea ile nyumba kichwani chumba baada ya chumba, na nikakuacha uamini kwamba ni wewe uliyeibomoa.

Ulikuwa bado mdogo uliposema utakuwa muuguzi, utamnunulia mama nyumba yenye kura. Niliwatangazia watu. Nilijivuna mtaani kwa ajili ya maneno yale. Jana ulipokiweka kitabu kwenye sahani yangu ndipo nilipoyasikia vizuri kwa mara ya kwanza, na nikakasirika hivi unavyoniona. Nilidhani nimekukasirikia wewe. Nimeandika mpaka hapa, na nimeona kwamba siyo wewe.

Kwa hiyo sikia, na usimwoneshe Amisi. Sikubaki nyumbani kwa ajili yako. Nilibaki kwa sababu nilikuwa na furaha, na nusu ya furaha ile ilikuwa imelala kifuani kwangu inanilowesha shati. Sikuweza wakati ule kutenganisha nusu hii na ile, na sasa pia siwezi. Lakini haikuwa sadaka. Hakuna mtu aliyejinyima kitu. Nilichukua nilichokipenda, mama yako akalipa sehemu, wewe ukalipa sehemu, na mimi nikajifanya ndiye niliyelipa yote.

Huko unakokwenda kuna siku utachoka mpaka mifupa, na utatafuta pembe yako ukae na kitu kisichomsaidia mgonjwa yeyote. Kitabu, kushona, kutazama njia, mimi nitajuaje. Watakuja kukuuliza unafanya kwa ajili ya nani. Usimtaje mtu. Waambie unapenda. Watakuchukia kidogo. Mimi wamenichukia miaka yote hii na bado ninakula, ninalala, na ninawajibu vibaya.

Lakini kwanza kuna jambo la usiku huu, na hilo haliwezi kungoja Kolwezi. Ukirudi kutoka Ruashi, kaa peke yako na ujiulize unakwenda kwa nini. Kama ni kulipa ile nyumba, toa nguo zako sandukuni ubaki hapa mpaka utakapojua unataka nini. Mimi mwenyewe nitatoka kesho asubuhi kumwambia Amisi arudishe kamionete yake, na acheke tena mbele ya mtaa mzima, nimezoea. Kama kweli unataka kuwashika watu mikono wakiugua, kama mama yako, nenda. Na kama sababu yako ni kwamba umechoka kuishi nyumba moja na mimi, nenda pia, na usiifiche chini ya sababu nyingine nzuri zaidi. Hiyo nayo ni sababu, Feza, na ni yako mwenyewe.

Papa yako